Jaketi la Saa Sita

Baba yangu alivaa jaketi la kuokoa maisha mara moja tu, na siku hiyo alikuwa tunda.

Nieleze kabla hujanicheka. Baba, Jared Obare, alikuwa akivusha magunia ya omena, dagaa wa ziwani, kutoka kisiwa cha Remba. Alikuwa na jaketi la rangi ya chungwa, zima kabisa, lenye zipu na vishikizo viwili, na kazi yake ilikuwa kukaliwa. Ubao wa mashua ni mgumu, alisema, na jua la ziwani halina adabu. "Nikilivaa napikika." Miaka mitano iliyopita mawimbi yaliirudisha mashua ufuoni bila yeye, na jaketi tulilikuta limekwama kati ya mbao, limebonyea katikati pale alipozoea kukaa.

Ziwa halikumrudisha. Wavuvi walimtafuta siku kumi na nne, nyavu zote za ufuo wetu zikiwa zimeanikwa bila kazi. Kwetu Wajaluo, mtu asiyepatikana hazikwi kwa maneno matupu. Hukatwa yago, lile tunda refu na zito linaloning'inia mtini kwa kikonyo kama kamba, likavishwa nguo za marehemu na kulazwa kaburini badala yake. Mama ni Msabato wa kweli, na mzee wa kanisa alikuja kutuombea sisi familia, ila akakataa katakata kuliombea tunda. Wazee wa ukoo wakamwambia hakuna neno, tunda ni letu, wewe shughulika na mbingu.

Mimi ni fundi wa nguo. Nina kibanda na cherehani mbili mjini Migori, kwa hiyo kazi ya kumvisha Baba iliniangukia mimi. Wakanifungia chumbani na yago, shati lake la kanisani na shuka nyeupe. Nililipunguza shati kwa pini likakaa vizuri. Kisha nikaliona lile jaketi, limetupwa pembeni nyuma ya mlango, na alama ya makalio yake bado imo.

Hasira hasara. Methali hiyo naijua tangu utotoni, lakini mimi hukumbuka methali baada ya tukio. Nililichukua jaketi nikalivika yago juu ya shati, nikabana vishikizo vyote viwili, nikapandisha zipu mpaka juu, nikavuta kwa nguvu zangu zote mpaka kichuma cha kuvutia kikanikatikia mkononi. "Vaa sasa," nikamwambia. "Si ulikuwa unaona joto? Vaa." Halafu nikafunika kila kitu kwa shuka, nikashona kingo, nikafungua mlango na kuwaambia wazee kwamba Baba yuko tayari.

Hakuna aliyejua. Kila mtu alidhani mwenzake ndiye aliyelichukua lile jaketi. Kichuma cha zipu nilikitia kwenye kopo langu la vifungo, na kimekaa humo hadi leo.

*

Mwaka huu, mwezi wa pili, Mama alinipigia simu kuniambia kwamba amejinunulia mtumbwi. Alilisema vile mtu anavyosema amenunua sufuria. Mafunjo ya upande wetu yalikuwa yameungua, na bila mafunjo hakuna mikeka, kwa hiyo siku hizi alikuwa anavuka mwenyewe mpaka rasi ya ng'ambo, anakata mzigo wake na kurudi. Mama ana miaka sitini na mmoja. Amezaliwa hatua mia mbili kutoka majini na hajui kuogelea hata kidogo.

"Unavuka saa ngapi?" nikamuuliza.

"Saa sita."

"Saa sita ya jua kali?"

"Sasa nivuke saa gani, nyara? Unataka nivuke na mawimbi?"

Nyara ni binti yangu kwa Kijaluo, na Mama hulitumia neno hilo anapotaka mazungumzo yaishe. Lakini alikuwa na haki. Asubuhi upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, alasiri hutoka ziwani na kuja na mawimbi. Katikati kuna mwanya mdogo, kuanzia saa tano na nusu hivi mpaka saa saba, ambapo ziwa linasahau kupumua. Mtu mwenye mtumbwi mdogo anavuka hapo au havuki. Na mwanya huo ndio huohuo ambao jua limesimama utosini.

Niliufunga mlango wa kibanda siku ya pili, nikaacha magauni matatu ya harusi ya watu bila pindo. Sikuogopa maneno ya bibi harusi. Niliogopa kusubiri siku kumi na nne kwa mara ya pili, halafu wazee wanifungie tena chumbani, waniambie wewe ndiye fundi.

Kabla ya kuondoka Migori nilinunua jaketi la kwanza nililoliona. Lilikuwa la rangi ya chungwa, lenye kola nene kama mto, na zipu mbele.

Nilifika nyumbani saa tano. Mama alikuwa ametandika mkeka barazani, maana kabla ya kuvuka hulala kidogo, dakika ishirini hivi, akisubiri upepo ufe. Nilimkuta ndio kwanza anaamka. Macho yake yalikuwa bado hayajarudi yote. Mbele yetu ziwa lilikuwa limegeuka jeupe, na rasi ya ng'ambo ilikuwa imenyanyuka majini. Naapa niliiona kwa macho yangu: miti imesimama juu ya mstari wa mwanga, haigusi kitu. Kisiwa cha magugu maji kilikuwa kinapita polepole kwenda popote kinakokwenda, na ndege wawili weupe wamesimama juu yake kama abiria wasiojua watashukia wapi. Hewa ilikuwa imelala juu ya vitu vyote. Hata kuku walikuwa wanatembea kwa kufikiri.

"Nimekuletea jaketi, Mama."

"Nimeliona."

"Lijaribu basi."

Alijivuta nyuma kidogo kwenye mkeka.

"Hilo silivai, nyara. Baba yako analo."

Nikadhani anaota bado. "Baba hakuwahi kulivaa."

"Analivaa anapokuja." Alisema hivyo bila kubadilisha sauti, kama anayenieleza habari za jirani. "Huja saa hii ninapolala. Anakaa pale, juu ya kinu. Jaketi limefungwa mpaka kidevuni na jasho linamtiririka. Ananiambia, 'Phelesia, nifungulie, naungua.' Basi nainuka nalishika. Natafuta pa kuvutia, sipaoni. Vidole vinateleza tu. Halafu naamka, naenda kukata mafunjo."

Niligeuka kutazama. Kinu kilikuwa palepale, kimepinduliwa, na juu yake hakuna kitu isipokuwa kata ya maji.

"Mama," nikasema, nikitafuta mahali pa kushika, "si nyinyi Wasabato husema wafu hawajui neno lolote?"

"Hawajui," akajibu. "Lakini baba yako anajua joto."

Hapo ndipo ningesema. Mdomo wangu ulifunguka kabisa. Lakini nilimwona amekaa vile, mpole, na mume wake juu ya kinu, nikaogopa macho atakayonitazama nayo. Mama akafunga leso kiunoni, akachukua kasia na mundu, akateremka majini na blauzi yake ya pamba tu. Nilisimama ufuoni nikimhesabia mapigo ya kasia mpaka akawa nukta nyeusi ndani ya weupe ule, na ile rasi inayoelea ikamfungulia na kumpokea. Saa nzima na nusu sikukaa.

*

Kwa hiyo nilifanya anachofanya mwoga yeyote: nilikwenda dukani. Nilijiambia kwamba shida ni joto. Nikipata jaketi lisilo na joto, Mama atavaa, na mengine yatajifia.

Homa Bay, karibu na soko la samaki, kuna duka la kamba, nyavu na maboya, na mwenyewe ni Mogire, Mkisii mnene anayecheka kabla ya mteja kusema kitu. Nilimweleza ninachotaka: mtu mzima, mwembamba, anapiga kasia amekaa, saa sita mchana, hataki kuungua.

"Hiyo ni kazi, madam. Lakini keti. Tutaona."

Akaniletea kwanza mkanda mwembamba wa kiunoni. Akasema hauna joto hata chembe, ukianguka majini unavuta kamba, unajaa hewa wenyewe.

"Na kama amegonga kichwa? Au ameshtuka?"

"Avute tu."

"Mogire, mama yangu akishtuka huwa anamwita Yesu. Hana mkono wa ziada wa kuvuta kamba."

Akacheka mpaka akashika meza, akaurudisha mkanda. Nikamuuliza kuhusu lile la rangi ya chungwa nililokuja nalo kwenye mfuko. Mimi ni fundi, nikamwambia. Si naweza kulifumua mgongoni, nipunguze sponji, nitoboe kwapa, nitie kitambaa cha wavu?

Hapo hakucheka. "Sikia, madam. Gauni punguza. Suruali punguza. Lakini hii kitu, ukipunguza sponji umepunguza mtu."

Nikalirudisha jaketi kwenye mfuko, na mimi si mtu wa kushindwa dukani.

Alikwenda nyuma, akapekua kwa muda mrefu, akarudi na jaketi la manjano hafifu, rangi ya ndizi inayoanza kuiva. Akasema liliagizwa na kikundi fulani cha mashindano ya mitumbwi ambacho hakikurudi kulichukua. Nililipokea kama ninavyopokea nguo yoyote, nikaligeuza ndani nje. Sponji ya mgongoni ilikuwa imewekwa juu tu, usawa wa mabega, na kuanzia hapo kwenda chini ni wavu mtupu, ili mtu akiegemea ubao asisukumwe mbele na jasho lipate pa kutokea. Kifuani sponji ilikuwa imekatwa vipande vitatu vinavyokunjika. Kwapa zilikuwa pana, zimechongwa na mtu anayejua kwamba mkono wa mpiga kasia hautulii. Lilikuwa fupi. Haya marefu mtu akikaa yanapanda, kola inamshika koo, na ndiyo maana watu huyavua. Kamba za pembeni zilikazwa kwa kuvuta. Mshono ulikuwa mara mbili, uzi mzuri.

Nikalivaa. Nikapindua ndoo katikati ya duka, nikaketi, nikachukua ufagio, nikapiga kasia. Kushoto, kulia, kushoto, kulia. Wateja wawili waliokuja kununua ndoano walisimama mlangoni. Mmoja akaniuliza kama nimeshafika Uganda. Sikumjibu, nilikuwa nimefumba macho na kuyasikiliza mabega yangu. Hakuna kilichonikwaruza. Feni ya Mogire ilipogeuka upande wangu, upepo ulipita mgongoni kwangu kama sijavaa kitu.

"Ngoja," Mogire akasema. Akanishika mabegani kwa nyuma akalivuta jaketi kwenda juu kwa nguvu. Halikupita masikio. "Hiyo ndiyo kuangalia. Likipanda hapa, kwa maji litapanda zaidi. Na mwambie mathe hivi: kabla avae, alitumbukize kwa ziwa kwanza. Avae ikiwa maji maji. Atasikia ni kama amebeba kivuli."

Nikalinunua. Njiani nilitabasamu peke yangu kama mjinga.

*

Mama alilipenda, na hilo ndilo lililoniponza. Aliugusa wavu kwa kidole, akaingiza mkono, akaupitisha upande wa pili, akacheka. "Hili lina madirisha." Alilivaa barazani, akanyoosha mikono kama anayepiga kasia, akageuka nyuma kujitazama. Alisema kwapa ni nzuri. Alisema rangi ni nzuri, wifi yake atauliza. Nilimwambia la Mogire kuhusu kulitumbukiza majini, akatikisa kichwa akasema Wakisii wameanza lini kulijua ziwa, lakini niliona limemwingia.

Halafu upepo ukafa, akalala dakika zake ishirini.

Alipoamka jaketi lilikuwa limevuliwa, limekunjwa chini ya kwapa. Hakunitazama, nikajua Baba alikuwa amekuja tena.

"Leo tunakwenda wote," nikasema.

Nilivaa la rangi ya chungwa. Nilikaa mbele, yeye nyuma kwenye ubao wake, na nilikuwa nimegeuka kumtazama. Alilisukuma gogo la mtumbwi kwa mguu, akapanda. Kisha akalikunja lile jaketi la manjano mara mbili, akalipapasa mpaka likalainika, akaliweka kwenye ubao na kulikalia.

Nilikuwa natazama mkono wa Baba kwenye mwili wa Mama. Alilipapasa vilevile kama yeye, mara tatu.

Tukaingia kwenye weupe. Ufuo ulirudi nyuma, sauti zake zikafuata moja moja, jogoo, redio ya mtu, kisha kasia pekee, na matone yanayoanguka kutoka kwenye kasia. Mlima Asego ulikuwa umekatika katikati, nusu yake ya juu inaelea. Wingu la usubi wa ziwani lilikuwa limesimama mbali upande wa kisiwa cha Rusinga, refu, jeusi, kama moshi wa jiko ambalo hakuna anayelipikia. Sikujua tena kama tunakwenda au tumesimama. Jasho lilinitiririka chini ya kola ile nene, shingo ikaniwasha, nikahisi nimeshonewa ndani ya godoro. Nikafikiria miaka mitano ya namna hii, chini ya udongo.

Kisha Mama akajiweka sawa pale alipokaa, na nikaona jaketi la manjano limebonyea katikati.

"Ondoka juu yake!" Nilipiga kelele hata mtumbwi ukayumba. "Livae! Mnakalia uhai wenu, wewe na yeye! Mnaukalia halafu mnaniachia mimi kushona!"

"Trizah, keti. Tutapinduka."

"Ni mimi!" nikasema. "Ni mimi niliyemfunga! Wazee waliniachia nimvishe nikakuta jaketi lake nyuma ya mlango. Nilikuwa na hasira naye, Mama. Nilikuwa na hasira mpaka sikuona. Nikamvalisha, nikapandisha zipu mpaka ikakatika. Huoni pa kuvutia kwa sababu hakuna pa kuvutia. Ninacho mimi. Kipo kwenye kopo langu la vifungo."

Mama alilaza kasia magotini. Mtumbwi ulizunguka polepole wenyewe, rasi ikapita nyuma ya kichwa chake, kisha ufuo, kisha rasi tena. Nilikuwa nalia kwa sauti kama mtoto, na ziwa halikurudisha hata mwangwi.

Halafu akachukua kasia akaendelea kupiga kuelekea ng'ambo, kwa sababu mwanya hausubiri mtu. Tukakata mafunjo. Tukafunga mzigo. Aliniwekea mafunjo mikononi bila kunitazama. Tulipokuwa tunarudi, ngozi ya maji ilianza kukunjamana upande wa magharibi, upepo wa ziwani unaamka, na yeye alikuwa bado amelikalia jaketi.

*

Alipofunga mtumbwi hakuutazama mzigo. Alipanda moja kwa moja mpaka nyumbani, akasimama mbele ya nyumba yake, upande wa kulia, kwenye kaburi la Baba. Nikamfuata na jaketi la rangi ya chungwa likiwa bado linanichoma.

"Miaka mitano," Mama akasema. "Nimeshika zipu ile miaka mitano, nikidhani mikono yangu imezeeka. Nilidhani nimeacha kuwa mke wake." Akainama, akang'oa jani lililoota kaburini. "Ungeniambia, Trizah."

"Niliogopa."

"Najua uliogopa. Piga magoti."

Nikapiga magoti.

"Wewe ndiye ulifunga. Mimi sina mkono wa kufungua ulichofunga. Fungua."

"Mama, kichuma kiko Migori."

"Zipu iliyokatika fundi huifungua vipi?"

Anajua jibu. Amenitazama nikifanya tangu nikiwa msichana. Zipu iliyokatika unaibana kwa kucha mbili, ya gumba na ya kidole cha shahada, unaituliza kwanza, halafu unaishusha bila pupa. Niliweka kucha zangu kwenye udongo, pale ambapo kidevu kingekuwa. Udongo ulikuwa wa moto. Nikaanza kushuka, polepole, mstari mmoja katikati ya kaburi, kutoka shingoni, kifuani, tumboni, nikitambaa kwa magoti, mpaka nikafika mwisho. Kisha nikafungua kishikizo cha kwanza. Nikafungua cha pili.

"Nilikuwa na hasira nawe, Baba," nikamwambia. "Nilikupenda, ukaukalia uhai wako, nikashindwa kukusamehe. Nimefungua. Pigwa na upepo."

Upepo wa ziwani ulikuwa umefika. Sisemi uliitikia, huwa unafika saa hiyo kila siku. Ulipita juu ya udongo, ukalichukua vumbi la ule mstari nilioukwaruza, ukaingia chini ya kola yangu. Mama aliinama akanifungua jaketi langu mwenyewe, akanivua, kama alivyokuwa akinivua sweta la shule.

*

Siku ya pili, saa tano, alitandika mkeka. Mimi nilikaa kizingitini nikijifanya nachambua omena. Upepo wa nchi kavu ulikufa. Ziwa likawa jeupe, rasi ikanyanyuka, ndege wakapita na kisiwa chao. Nilimtazama Mama akilala, midomo wazi kidogo, mkono mmoja umenyooka kuelekea kinu. Vidole havikucheza.

Aliamka akakaa. Alikitazama kinu kwa muda.

"Amekuja?" nikamuuliza.

"Hapana."

Nilitaka kufurahi. Ndipo nilipouona uso wake, na nikaelewa nilichokuwa sijafikiria hata mara moja, kwamba kwa miaka mitano, kila alipolala saa ile, mume wake alikuwa akija kukaa naye. Alikuja na joto lake na malalamiko yake, lakini alikuja. Nami nilikuwa nimemfungulia akaenda.

"Nisamehe, Mama."

Alijifunga leso, akachukua mundu, akachukua kasia. Alikaa tena kidogo kwenye ukingo wa baraza, akijifuta macho kwa kiganja, bila kuficha.

"Basi nimebaki mwenyewe," akasema. "Lete hilo jaketi."

Nililileta. Tuliteremka pamoja mpaka majini, akalitumbukiza, akalikamua kidogo, akalivaa likiwa linatiririka. Alishtuka kwa baridi yake akavuta pumzi. Akavuta kamba za pembeni, kushoto, kulia. Kisha akapandisha zipu mwenyewe, na akageuka kunionyesha ilipofika.

"Hapa panatosha?"

"Panatosha, Mama."

Akapanda mtumbwi, akakaa kwenye ubao mtupu, akasema ubao ni mgumu kweli. Kisha akaanza kupiga kasia. Nilisimama ufuoni na maji yakinifika magotini, nikimtazama akiwa mdogo, kisha mdogo zaidi, manjano ndani ya weupe. Sikuhesabu mapigo.